ASKARI ALIYEKWENDA VITANI MIKONO MITUPU



Ndugu wasomaji, wazee kwa vijana, ukiwauliza watoto wetu shujaa wa vita ni mtu wa namna gani, wengi watakujibu kwamba ni yule aliyeua maadui wengi. Ndivyo wanavyosikia katika hadithi, na ndivyo wanavyoona katika picha za sinema. Basi mwezi huu tumependa kuwaelezeni habari za askari mmoja aliyekwenda vitani bila ya bunduki, bila ya bastola, wala hata kisu cha kupigania, akarudi na nishani iliyo kubwa kuliko zote katika jeshi la nchi yake. Hakuipata kwa watu aliowaua. Aliipata kwa watu aliowatoa katika mdomo wa mauti.

Jina lake ni Desmond Doss, Mmarekani, Mkristo wa madhehebu ya Wasabato. Hakuwa katika sisi, lakini mwenye insafu hamnyimi mtu sifa yake kwa kuwa si wa kwao. Vijana wengi wamekwisha kuzijua habari hizi kwa njia ya filamu iitwayo Hacksaw Ridge iliyotolewa mwaka 2016. Filamu ina desturi yake ya kuongeza huku na kupunguza kule. Sisi tutashika zaidi yale yaliyoandikwa katika hati ya nishani yake, na yale aliyoyaeleza yeye mwenyewe na wenziwe waliokuwa naye.

KUZALIWA KWAKE NA MALEZI YAKE

Desmond Doss alizaliwa tarehe 7 Februari 1919 katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani. Baba yake alikuwa seremala, na mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Hawakuwa watu wa mali. Desmond alisoma mpaka darasa la nane tu, kisha akaacha chuo akenda kufanya kazi ili awasaidie wazee wake, kwani wakati ule dhiki ilikuwa imeienea nchi nzima.

Nyumbani mwao palikuwa na picha moja ukutani ambayo baba yake aliinunua mnadani. Picha hiyo ilikuwa na zile amri kumi za Nabii Musa, na penye amri ya kukataza kuua palichorwa wana wawili wa Nabii Adam: Kabil amesimama, na nduguye Habil amelala chini amekwisha kufa. Kisa hiki hapana mtoto wa chuoni kwetu asiyekijua. Desmond mdogo alikuwa akipanda juu ya kiti aitazame vizuri picha ile, na akijiuliza: imekuwaje ndugu akamwua nduguye? Swali hilo halikumtoka moyoni. Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba ni picha ile iliyomfanya akate shauri kwamba yeye hataitoa roho ya mtu.

Tazameni, enyi wazazi, jambo dogo namna gani! Picha moja ya mnadani, na mtoto aliyeachiwa nafasi ya kuitazama na kuuliza.

KUINGIA JESHINI

Vita Vikuu vya Pili vilipoifikia Marekani, Desmond Doss alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kuundia meli huko Newport News. Kazi ile ilikuwa na manufaa kwa vita, na kwa ajili yake angaliweza kusamehewa asichukuliwe jeshini. Hakutaka. Aliona haifai vijana wenziwe waende wakafe naye abaki nyumbani kwa salama. Aliingia jeshini tarehe 1 Aprili 1942, umri wake miaka 23.

Lakini aliingia na sharti zake mbili. La kwanza, hatashika silaha. La pili, siku ya Jumamosi, ambayo kwa Wasabato ni siku ya ibada, hatafanya kazi ila ya kuuguza wagonjwa. Serikali ilimwandika katika daraja la watu wanaoitwa wapinga vita kwa dhamiri. Jina hili yeye hakulipenda. Alikuwa akisema kwamba hapingi kuitumikia nchi yake, na kwamba yuko tayari kwenda popote askari wanapokwenda. Anachokikataa ni kuua tu.

Alipangwa katika Divisheni ya 77, rejimenti ya 307. Huko kambini ndiko mtihani wake wa kwanza ulikoanza, nao haukuwa wa risasi. Makuruta wenziwe walimfanyia stihizai kila namna. Usiku anapopiga magoti kando ya kitanda chake kuomba, walimrushia viatu. Mmoja wao, kama alivyosimulia Doss mwenyewe, aliapa kwamba watakapofika vitani atahakikisha Doss harudi hai. Kumdhihaki kwao hakukuwa kwa uovu mtupu. Walikuwa wakiogopa. Askari aliye mbele ya adui hutaka ajue kwamba aliye ubavuni mwake atampigania, nao walimwona Doss kuwa ni pengo katika safu yao.

Wakubwa nao hawakumtaka. Kamanda wake, Kapteni Jack Glover, alijaribu kumhamisha aondoke katika kikosi chake. Kisha ikatafutwa njia ya kumtoa jeshini kabisa kwa hoja kwamba akili yake haikutimia. Desmond Doss angalikubali, angalirudi kwao salama siku ile ile. Alikataa. Aliona akikubali atakuwa ametia sahihi kwamba kuifuata dini ni wazimu.

Hakumtukana mtu, wala hakulipiza. Alijifunza kazi yake ya uganga wa vitani, akawa akiwafunga bendeji miguu iliyochubuka kwa mwendo mrefu wa mazoezi wale wale waliokuwa wakimrushia viatu.

KAZI YA MGANGA WA VITANI

Yafaa tueleze kidogo kazi hii, kwani wengi hudhani mganga wa jeshi hukaa nyuma, katika hema lenye msalaba mwekundu au hilali nyekundu. Wako wa namna hiyo. Lakini kila kombania ina waganga wake wanaokwenda mbele pamoja na wapiganaji. Askari akianguka, wenziwe hulala chini wajifiche; mganga ndiye anayeinuka na kumwendea. Anapofika huzuia damu kwanza, kwa kuwa mtu aweza kufa kwa kutokwa na damu katika dakika chache. Kisha humwagia dawa ya unga kidondani, humdunga sindano ya kutuliza maumivu, humfunga, na humkokota mpaka mahali penye kinga.

Katika vita vile waganga walikuwa na kitu kingine chenye faida kubwa, nacho ni plazma, yaani majimaji ya damu yaliyokaushwa yakawa unga ndani ya chupa. Mganga huchanganya unga ule na maji safi, kisha huitia plazma katika mshipa wa majeruhi kwa mpira na sindano, huku chupa imeshikwa juu. Fikirini! Wakati ambapo kila mtu amelaza kichwa chake mchangani, huyu hana budi kukaa kitako na kuinua mkono wake juu.

Sheria ya mataifa iliwapa waganga wa vitani himaya yao tangu Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, ambao chanzo chake ni yale aliyoyaona Henry Dunant mwaka 1859 huko Solferino, Italia, majeruhi kwa maelfu wamelala uwanjani hawana wa kuwatazama. Alama ya mkataba ule ilikuwa msalaba mwekundu. Dola ya Kiosmani ilianza kutumia hilali nyekundu mwaka 1876, na alama hiyo ikakubaliwa rasmi katika mkataba wa mwaka 1929. Anayevaa alama hizi hapasi kupigwa. Lakini katika visiwa vya Pasifiki waganga wa Kimarekani waliivua alama yao, kwani waliona kwamba inawafanya wawe shabaha. Na kwa kuwa sheria humruhusu mganga kuchukua silaha ya kujilinda yeye na wagonjwa wake, wengi wao walichukua. Doss hakuchukua.

Mwaka 1944 alikwenda hivyo hivyo katika vita vya Guam, kisha vya Leyte katika visiwa vya Ufilipino, akapewa nishani ya Bronze Star kwa namna alivyowaendea majeruhi. Mwaka huo huo, wazee wetu wa Afrika ya Mashariki waliokuwa katika King's African Rifles walikuwa Burma wakipigana na Wajapani hao hao, katika misitu na mvua. Walioishi kusimulia vita vile walijua thamani ya mtu anayerudi nyuma kumchukua mwenzake aliyeanguka.

GENGE LA MAEDA

Tarehe 1 Aprili 1945 Wamarekani walishuka katika kisiwa cha Okinawa, kusini ya Japani. Vita vya kisiwa kile viliendelea mpaka tarehe 22 Juni. Wajapani hawakuwangojea pwani. Walijichimbia katika mapango na njia za chini ya ardhi katika majabali yaliyo mbele ya mji wa Shuri. Miongoni mwa majabali hayo ni genge la Maeda, ambalo hati ya nishani ya Doss yataja kwamba lilikuwa na kimo cha futi 400. Sehemu yake ya juu ilisimama kama ukuta, hata askari wakawa hawana njia ya kufika kileleni ila kwa kupanda nyavu za kamba, mfano wa zile za kupakilia shehena melini.

Kombania ya Doss ilipanda. Walipofika juu wakapokewa na mizinga, makombora na bunduki za rashasha kwa pamoja. Yasema hati ile kwamba watu wapatao 75 walijeruhiwa, na waliosalia wakarudishwa nyuma, wakashuka. Juu walibaki majeruhi, maiti, adui aliye mapangoni, na Desmond Doss.

Hapana aliyemwamuru abaki, na angalishuka pamoja na wenziwe hapana ambaye angalimlaumu. Alimshika wa kwanza akamkokota mpaka ukingoni mwa genge. Hati yasema aliwateremsha majeruhi kwa machela iliyofungwa kamba. Yeye mwenyewe alieleza pia juu ya fundo moja alilolijua tangu mazoezini, lenye vitanzi viwili: mguu huu katika kitanzi hiki, mguu huu katika kile, na kamba ikazungushwa kifuani. Fundo lile alilizua siku ya somo la mafundo, alipokuwa na kamba iliyokunjwa mara mbili. Somo la kambini lililoonekana dogo, siku hiyo likawa ndilo linaloshika uzito wa watu wazima juu ya genge. Aliizungusha kamba penye kisiki, akaiachia kidogo kidogo, na chini walikuwako wa kumpokea majeruhi.

Akarudi kwa wa pili. Akarudi kwa wa tatu. Alisimulia baadaye kwamba kila alipomfikisha mmoja alikuwa akimwomba Mungu amwezeshe kumpata mmoja tena. Hakuomba wote kwa mara moja, aliomba mmoja tu. Na alipokwisha kumpata huyo, akaomba mmoja tena. Kwa njia hiyo alikwenda mpaka kileleni hakukubaki majeruhi.

Walikuwa wangapi? Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Wakubwa wa jeshi walipohesabu waliopanda na walioshuka kwa miguu yao, waliona kwamba aliowateremsha hawapungui 100. Doss akasema haiwezekani, hawakuzidi 50. Basi wakakutana katikati, ikaandikwa 75. Sisi tumezoea watu wanaovutana ili sifa zao ziongezwe. Huyu alivutana na wakubwa wake ili sifa yake ipunguzwe.

Wala hakuishia hapo. Tarehe 2 Mei alimwendea majeruhi aliyelala yadi 200 mbele ya safu yao, huku akipigwa kwa bunduki na makombora. Siku mbili baadaye, watu wanne walianguka walipokuwa wakilishambulia pango. Doss akawafuata katikati ya mabomu ya mkono yaliyokuwa yakitupwa, mpaka ikawa baina yake na adui ni yadi 8 tu, akawafunga vidonda vyao pale pale, kisha akaenda na kurudi mara nne, kila mara na mtu wake.

Tarehe 5 Mei ilikuwa Jumamosi, siku yake ya ibada. Aliona kwamba kuokoa roho ya mtu hakuvunji heshima ya siku hiyo, akatoka pamoja na wenziwe. Siku hiyo alimtibu ofisa mmoja wa mizinga, akamtilia plazma huku makombora yakianguka karibu yao. Kisha akatambaa mpaka kwa askari aliyeanguka futi 25 tu kutoka pangoni mwa adui, akambeba yadi 100 mpaka penye salama.

USIKU WA SHURI

Usiku wa tarehe 21 Mei kikosi kilishambulia kilima karibu na Shuri. Mapigano yalipokuwa makali, wenziwe walijificha mashimoni. Doss alibaki nje akiwauguza majeruhi gizani, naye alikuwa katika hatari mbili: adui ampige, au wenziwe wampige kwa kudhani kuwa ni Mjapani anayenyemelea. Bomu la mkono likalipuka karibu yake, likamjeruhi miguu yote miwili.

Hakuita mganga mwingine, kwa kuwa angemwita angalimtoa katika kinga yake. Alijifunga vidonda vyake mwenyewe, akangoja muda wa saa 5 mpaka wachukuzi wa machela walipomfikia. Walipokuwa njiani wakakutana na shambulio la vifaru vya adui. Na hapo, kando ya njia, Doss akamwona mtu aliyeumia kuliko yeye. Akajitupa chini kutoka katika machela, akawaambia wachukuzi wamtangulize yule.

Basi akabaki akingoja mara ya pili. Akaja mwenzake mmoja kumwondoa, na katika kuchukuliwa huko risasi ikampiga mkono, mfupa ukavunjika na kutokeza. Akachukua kitako cha bunduki akakifunga kwenye mkono wake uliovunjika kiwe gango la kuushikiza mfupa, kisha akatambaa yadi 300 katika ardhi ya mawe na mashimo mpaka kituo cha matibabu. Tangu aingie jeshini alikataa kubeba bunduki, na alipokubali kuufunga mwilini mwake mti wa bunduki, ilikuwa kwa ajili ya kuuguza.

BAADA YA VITA

Alipokuwa hospitali aligundua kwamba kitabu chake cha dini, alichopewa na mkewe Dorothy na ambacho hakikumtoka mfukoni tangu aondoke kwao, kimepotea katika uwanja wa vita. Akatuma salamu kwa wenziwe, akiomba wakikiona wamwekee. Na wale waliokuwa wakimrushia viatu anapoomba, walitoka wakakitafuta kitabu kile katika matope na mashimo ya mizinga mpaka wakakipata, wakampelekea. Dini ya mtu yule haikuwa imegeuka dini yao. Lakini walikuwa wamekwisha kumjua ni nani. Kapteni Glover, aliyetaka kumhamisha, alikuja kumshuhudia kuwa ni miongoni mwa watu mashujaa kupita wote, na kwamba yeye pia Doss alimwokoa.

Tarehe 12 Oktoba 1945 Rais Truman alimvika Desmond Doss nishani ya Medal of Honor huko Washington. Alikuwa mtu wa kwanza kupewa nishani hiyo miongoni mwa waliokataa silaha kwa dhamiri.

Tusidhani kwamba baada ya hapo aliishi kwa raha. Huko Leyte alipatwa na kifua kikuu ambacho hakikujulikana mapema. Alikaa hospitalini miaka kadha, akatolewa pafu moja na mbavu tano, na hata alipoachiliwa mwaka 1951 mwili wake haukuwa tena wa kufanya kazi nzito. Mwaka 1976 akapoteza kusikia kabisa, akaishi kiziwi mpaka mwaka 1988 alipowekewa chombo cha kumwezesha kusikia tena. Aliishi katika shamba dogo na mkewe na mtoto wao mmoja wa kiume, akifariki tarehe 23 Machi 2006, umri wake miaka 87. Nishani huvikwa mtu kwa siku moja, lakini majeraha yake aliyachukua miaka sitini.

Na vita vile vya Okinawa navyo havikuwa mchezo wa kusifiwa. Waliuawa Wamarekani zaidi ya 12,000, na Wajapani kwa makumi ya maelfu, na raia wa kisiwa kile, wazee na wanawake na watoto, kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1995 palijengwa huko Okinawa ukumbusho wa mawe ulioandikwa majina ya waliokufa, zaidi ya 240,000, wa pande zote, bila ya kumbagua aliyeshinda na aliyeshindwa. Mwenye kusimama mbele ya mawe yale ndipo ajue thamani ya mtu aliyepanda genge la Maeda kwa kusudi la kupunguza orodha ile, japo kwa majina 75.

TUNAYOJIFUNZA

Enyi vijana, jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba ushujaa wa Doss haukuzaliwa juu ya genge. Mtu hawi shujaa kwa ghafla siku ya vita. Alikuwa amekwisha kujizoeza katika bweni la makuruta, usiku baada ya usiku, viatu vikimwangukia naye akimaliza maombi yake. Aliyeweza kusimama peke yake mbele ya kicheko cha wenziwe, ndiye aliyeweza kubaki peke yake wenziwe walipokwisha kushuka. Nanyi leo hamna genge la Maeda. Mna wenzenu wanaokuchekeni kwa kuwa mmekataa sigara, au mmekataa kuiba katika mtihani, au mmeondoka barazani kwa kusikia adhana. Ukishindwa na kicheko, risasi utaiwezaje?

La pili, tazameni adabu yake. Kushika msimamo si kugombana na watu. Hakuwahubiria wenziwe kwa matusi, wala hakuwaita makafiri wa vita. Aliwafunga miguu yao iliyochubuka. Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba ukali wa ulimi ndio nguvu ya imani. Doss hakumshinda mtu kwa ulimi, na mwisho wake watu wale walikwenda kumtafutia kitabu chake matopeni.

La tatu ni la sisi walimu na wazazi. Katika kila chuo na kila darasa yuko mtoto mmoja ambaye wenziwe wamemfanya kuwa ni mchezo wao, kwa kuwa ni mpole, au ana kigugumizi, au hapendi ugomvi. Nasi mara nyingi twanyamaza, na pengine hata twacheka pamoja nao. Basi tukumbuke kwamba kikosi kizima kilimwona Doss hafai, na wakubwa wake wakamwona hafai, na aliyeonekana hafai ndiye aliyekuja kuwabeba. Hujui ni nani katika watoto wako atakayekuchukua siku utakapoanguka.

La nne latuhusu sote, kila siku ya maisha yetu. Vita haviko katika mitaa yetu, alhamdulillahi, lakini majeruhi wako. Bodaboda huanguka, basi hupinduka, mtoto huunguzwa na maji ya moto. Nasi tumeingiliwa na ada mbaya: mtu amelala barabarani damu inamtoka, na watu hamsini wamemzunguka, kila mmoja ameinua simu yake ampige picha. Doss aliinua mkono wake juu penye risasi ili ashike chupa ya plazma. Sisi twainua mikono ili tushike nini?

Ni kweli kwamba wengi husimama kutazama kwa kuwa hawajui la kufanya. Basi na wajifunze. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na St. John kadhalika, wala somo lake halihitaji elimu kubwa. Doss mwenyewe hakupita darasa la nane. Kijana ajue kwamba kidonda kinachovuja damu hukandamizwa kwa nguvu kwa kitambaa safi wala hakiachiliwi mpaka msaada ufike. Kwamba moto huoshwa kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa muda mrefu, wala haupakwi dawa ya meno. Na kwamba aliyeumia shingo au uti wa mgongo hainuliwi ovyo na kutupwa garini, ila pakiwa na hatari ya moto au mfano wake. Chuo chochote chenye vijana ishirini chaweza kuwaalika waalimu wa mambo haya siku moja ya mapumziko. Fundo la vitanzi viwili nalo lilifunzwa siku moja, na wala aliyelifunga hakujua siku ile ni nani atakayening'inia kwalo.

Mwisho, lau mtu atasema: mimi ni mmoja, na wenye dhiki ni wengi, nitamsaidia nani nimwache nani? Basi ajibiwe kwa yale aliyoyafanya Doss juu ya genge. Hakuwabeba watu 75. Alimbeba mmoja, akarudi akambeba mmoja, mpaka wakesha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaowafaa viumbe wake, na aziweke mbali na nchi zetu balaa za vita. Tutakutana tena mwezi ujao, inshallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.